Vishoka wa madai ya maveterani Texas: nimelipia kitu cha bure

Wakuu, wiki nzima silali vizuri kwa hasira, kwa hiyo mtanivumilia lugha.

Niko Texas. Jeshi la Marekani niliingia kwa MAVNI, ule mpango wa kuchukua wahamiaji wenye lugha wanazozihitaji, uliokuja kufungwa 2016. Kiswahili kilikuwemo. Yaani maneno niliyofundishwa na bibi kule Pangani ndiyo yalinipa uraia. Nimetoka na mgongo mbovu, magoti yanayolia kama mlango wa banda, na mlio wa masikioni usiozima usiku wala mchana. Kwa huo mlio VA, idara ya serikali inayolipa maveterani fidia ya kila mwezi, walinipa asilimia 10 ya ulemavu, nikashukuru, nikanyamaza miaka.

2024 jamaa mmoja wa kwenye kundi letu la WhatsApp, Mtanzania mwenzetu, tunachangiana misiba na harusi, akanipenyezea kwamba kuna "wataalamu" wa kupandisha asilimia. Hulipi kitu mwanzoni. Ukishapanda, unawapa ongezeko lako la mwezi mara tano. Nikaona dili. Nikapanda kweli mpaka 50, ongezeko dola 900 na ushee kwa mwezi. Haya pigeni hesabu: zaidi ya 4,500, kwa awamu, wanajikatia wenyewe kwenye akaunti.

Kazi waliyofanya? Walinitumia maelezo ya kunakili, wakaniagiza niingie mwenyewe kwenye akaunti yangu ya VA nibonyeze mwenyewe, jina lao lisionekane popote. Mimi mtu mzima, niliyelinda geti na kupekua kila begi lililopita, nikabonyeza.

Mwezi uliopita nimeenda kwenye jengo la kaunti kwa shida ya kadi ya gari, nikaona mlango umeandikwa huduma kwa maveterani. Ndani kuna mzee, mkongwe wa Vietnam. Akaitaka DD-214 yangu, yaani cheti cha kutoka jeshini, akaisoma bila haraka, akaniuliza, "Ulimlipa nani?" Nilipomtajia kiasi alivua miwani akaiweka mezani.

Wakuu, kazi hiyo ni bure. Kila kaunti kubwa hapa inapaswa kuwa na ofisi ya aina hiyo. Texas Veterans Commission, shirika la jimbo, ina watu wake wa madai, bure. DAV, VFW na American Legion, vyama vya maveterani, nao wana wawakilishi walioidhinishwa, bure, hata kama si mwanachama. Unasaini fomu 21-22 wanakusimamia. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Hata wakili anaruhusiwa kutoza baada ya VA kutoa uamuzi tu. Sasa vishoka wanapumuaje? Adhabu ya jinai iliondolewa kwenye sheria hiyo 2006. Katazo lipo, meno halina. Baadhi ya majimbo yamejitungia sheria zao kuziba hilo pengo.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kuna fomu 21-0966, ni dakika chache tu, inakushikia tarehe yako kwa mwaka mzima wakati unakusanya vielelezo. Dai likikubaliwa, unalipwa kuanzia tarehe hiyo. Vishoka wangu "waliandaa faili" miezi minne bila kuijaza. Miezi minne mara 900. Hiyo hela haipo kwangu wala kwao, imepotea tu.

Halafu mzee akaniuliza, "Hazlewood umetumia?" Hazle nini? Kumbe jimbo hili linamsamehe veterani karo ya vyuo vya umma hadi krediti 150, kama uliingia jeshini ukitokea Texas, ukatumikia zaidi ya siku 180 na ukatoka kwa heshima. Usizomaliza unaweza kumpa mtoto. Mimi niliapishwa hapa hapa Texas! Nikamaliza GI Bill, ile hela ya masomo ya serikali kuu kwa maveterani, nikakopa kusomea uuguzi, mkopo nalipa mpaka leo. Kodi ya serikali kwenye nyumba yako nayo: kwa asilimia 50 wanakupunguzia dola 10,000 kwenye thamani inayotozwa, na mwenye 100 halipi kabisa kwa nyumba anayoishi. Lakini lazima uombe, hakuna anayekufuata mlangoni. Siku ya kutoka jeshini tulikalishwa ukumbini tukaonyeshwa slaidi mpaka tukasinzia, neno Hazlewood sikulisikia. Au ndipo niliposinzia, sijui.

(Na hesabu za VA msiniulize. Kwao ulemavu wa 30 na mwingine wa 30 ni 50. Mzee alinieleza mara mbili, nikaitikia kwa adabu.)

Nimempigia yule jamaa wa WhatsApp. Anasema, "Kaka, si ulipanda lakini?" Baadaye nikagundua analipwa kwa kila kichwa anachopeleka. Jumapili tulikuwa naye msibani, amekaa na kijana aliyetoka jeshini juzi tu, anamwonyesha kitu kwenye simu. Nimemvuta kijana pembeni, nikampa anwani ya ofisi ya kaunti na kumwonyesha kwenye tovuti ya VA mahali pa kutafuta jina la mtu kama ameidhinishwa. Jamaa amenuna, kunitoa kwenye kundi ameshanitoa.

Zimebaki awamu mbili. Nimezuia makato benki. Jana wamenitumia barua kwamba deni wanalipeleka kwa wakusanya madeni. Kama kuna mtu humu aligoma mpaka mwisho, aje aniambie ilikuwaje.