Amplifaya ya zamani au mpya kwa bajeti ndogo? Naombeni ushauri

Besi_Pole
Habari zenu wakuu. Nimejichanga muda sasa nipate amplifaya ya stereo ya sebuleni, na nimefika njia panda. Kuna NAD 3020, ile ya mwanzo kabisa, nje bado inapendeza, na muuzaji anasema haijawahi kufunguliwa. Nikiongeza kidogo napata Yamaha A-S301 iliyotumika miaka michache. Spika zangu ni ndogo za kuweka kwenye rafu, omu 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme), usikivu desibeli 87. Nasikiliza santuri, na jioni muziki wa kwenye TV na simu. Ya kwanza ina wati 20 kila upande, ya pili 60. Kila ninayemuuliza ananiambia vya zamani ndivyo vilivyotengenezwa kwa moyo, lakini sitaki kununua jina. Chumba si kikubwa. Je, wati 20 zitatosha? Na umri wa mashine nauhesabu vipi? Natanguliza shukrani.

MzeeWaSanturi
Karibu mkuu. Kuhusu wati, ondoa hofu. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada. Spika yako ikipewa wati 1 inatoa desibeli 87 umbali wa mita 1. Ikipewa wati 20 inafika 100. Ikipewa 60 inakaribia 105. Hiyo tofauti ya desibeli 5 utaisikia, ila sauti haitakuwa kubwa mara tatu kama namba zinavyokufanya udhani. Tena 3020, iliyotoka 1978, Erik Edvardsen aliisanifu isihangaike na spika za omu ndogo, zile zinazovuta umeme mwingi, na muziki ukipiga kishindo cha ghafla inavuka hizo wati 20 bila kukoroma. Sehemu yake ya santuri, ile inayokuza sauti dhaifu ya sindano, ni safi. Mimi ningeichukua.

FundiSaketi
Mzee amesema kweli kuhusu sauti, mashine hiyo naipenda. Kilichonishtua ni hilo neno "haijawahi kufunguliwa". Muuzaji analitaja kama sifa. Mimi fundi nasikia deni.

Kapasita za elektroliti, vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani ya mashine, zina majimaji ndani, na yanakauka taratibu. Joto linaharakisha mno: kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu hivi. Sasa fikiria mashine ya zaidi ya miaka 40 yenye kapasita zilezile za kiwandani. Dalili utazisikia: mvumo wa chini usiobadilika hata ukipunguza sauti, besi iliyolegea, upande mmoja kufifia. Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti usikutishe, dawa ya kusafishia mara nyingi inaumaliza. Balaa ni transista za kutolea sauti. Nyingi za zama hizo hazitengenezwi tena, na feki zimejaa sokoni.

Kwa hiyo bei ya 3020 usiihesabu peke yake. Jumlisha kapasita na kazi ya fundi, halafu ndipo uilinganishe na Yamaha. Watu wengi hufanya hesabu hii baada ya kununua.

Ila nitende haki: mashine za zamani zinatengenezeka. Vipande ni vikubwa, ramani za saketi zinapatikana, fundi wa kawaida anaona anachofanya. Za siku hizi nyingi zina vipande vidogo kama chembe za mchanga, na bodi ikifa mara nyingi unaambiwa ubadilishe nzima.

Nuru_Sauti
Mimi ningeanzia kwenye matumizi. Ametaja TV. TV nyingi za kisasa zinatoa sauti kidijitali kwa tundu la optiki, yaani kwa mwanga, na A-S301 inalo, pamoja na la koaksia (kidijitali kwa waya) na la santuri. 3020 haina tundu lolote la kidijitali, kwa hiyo kaka utanunua kigeuzi cha pembeni cha kubadili sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, nacho kinakula bajeti. Kwa simu, zote mbili zitataka kipokezi cha Bluetooth.

Kijana_D
Mbona hamtaji hivi vidogo vya daraja D, amplifaya zinazowasha na kuzima transista kwa kasi ili zisipoteze umeme kama joto? Fosi Audio V3 ina chipu ya TPA3255, wati 300 kila upande, inakaa kiganjani na haichemki kama hizo kubwa.

FundiSaketi
@Kijana_D chipu ni nzuri kweli, na ufanisi wa daraja D haupingiki. Lakini hizo wati zinapatikana kwenye omu 4 na upotoshaji wa asilimia 10, kiwango ambacho sikio linakikataa. Halafu angalia adapta: volti 48 kwa ampea 5 ni wati 240, tena za pande zote mbili kwa pamoja. Amplifaya haiwezi kutoa umeme ambao haijapewa. Na V3 haina sehemu ya santuri.

MzeeWaSanturi
Ndiyo maana Marekani ilitoa kanuni mwaka 1974: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aeleze ni kwa omu ngapi, masafa gani na upotoshaji kiasi gani. Wati 20 zilizopimwa hivyo ni wati za kweli. Hata hivyo FundiSaketi amenigusa kwenye kapasita. Kama mleta uzi hana fundi anayemwamini, nabadilisha ushauri wangu: achukue Yamaha.

Besi_Pole
Nimewasoma wote, asanteni sana. Fundi ninaye, ila TV naitumia kila siku, kwa hiyo naelemea Yamaha. Ila 3020 nataka niende kuiona kabla sijaamua. Nikague nini?

FundiSaketi
Kwanza soma kibati cha nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, kwa soko la Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 230 umeiua. Kisha tazama vile vibano vya chuma vinavyounganisha tundu za sehemu ya mbele (inayopokea na kurekebisha sauti) na sehemu ya nguvu (inayosukuma spika). Vikikosekana haitoi sauti, na muuzaji anaweza kudhani imekufa.

Beba mita ya kupimia umeme. Washa bila spika, sauti chini kabisa, subiri ipate joto, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) na upime tundu za spika, upande mmoja mmoja. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti kadhaa, kuna transista iliyokufa, usiunganishe spika zako hapo hata kwa sekunde moja. Na Yamaha nayo ipime hivyohivyo.