Naomba ushauri: Kidenishi, Kinorwei au Kiswidi kwa anayesoma sera za jamii?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Edinburgh, shahada ya miaka minne inayochanganya masomo ya Skandinavia na sera za jamii. Mwaka wa 3 tunakwenda kuishi na kusoma kwenye nchi husika. Lugha naanza sifuri, na natakiwa kuchagua moja kati ya Kidenishi, Kinorwei na Kiswidi. Hapo ndipo nimekwama.

Kinachonivuta hasa ni matunzo ya wazee na likizo ya uzazi. Sweden wazazi wanagawana siku 480 kwa mtoto mmoja, na natamani kuisoma sheria yenyewe, siyo muhtasari wa Kiingereza. Kiswidi pia ni lugha rasmi Finland, kwa hiyo kinafungua nchi mbili. Lakini naambiwa anayejua Kinorwei husoma Kidenishi bila shida kubwa, na Waswidi wakizungumza anawaelewa. Kidenishi chenyewe kinanitisha: nikisikiliza taarifa ya habari, naona nusu ya neno imemezwa.

Nimemuuliza mshauri wa masomo, akasema nichague ninachopenda. Nimesikiliza redio za nchi zote tatu. Kinorwei ndicho kinachonikaa sikioni.

Kwa mliosoma au kuishi huko: Kinorwei kitanitosha kweli kusoma nyaraka za sera za Sweden na Denmark? Na huo mwaka wa 3, ni heri niombe mji mkubwa, au mdogo ambako watu hawatakimbilia kunijibu kwa Kiingereza?