Jamaa wa betri, eti "kwani ulitaka kuwasha uwanja wa Kirumba?" Leo umenimaliza!

Wakuu habari za jioni. Zangu sio nzuri.

Nimetoka dukani kwake sasa hivi. Naandika nikiwa nimesimama barabarani, betri iko miguuni, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Mtu yeyote wa Mwanza aliyewahi kukatikiwa umeme anamjua: yule mwenye spika mlangoni inayopiga kelele "giza kwaheri, giza kwaheri" tangu saa mbili asubuhi mpaka mawe ya Capri Point yanaziba masikio. Yule yule.

Kaniambia hivi, mbele za watu: "Baba, kwani ulitaka kuwasha uwanja wa Kirumba?"

Uwanja wa Kirumba!

Mimi nina taa nne, feni moja, runinga ya inchi 32 na kafriji ka mlango mmoja. Basi. Ndivyo nilivyomtajia siku nanunua, na alivihesabu kwa vidole vyake mwenyewe, akasema, "Hii ni N200 baba, saizi kubwa, vitawaka vyote mpaka jogoo awike." Nikahesabu 420,000 mkononi mwake, betri peke yake. Inveta nilishailipia 200,000 kabla ya hapo. Hela ya mchezo wa mke wangu ile.

Jana saa moja na nusu usiku umeme ukakatika huku Nyegezi. Wakuu, nilifurahi! Mtaa mzima giza, kwangu kweupe kama meli ya Ukerewe inaingia bandarini. Watoto wa majirani wakaja kuchungulia dirishani. Mama mkwe wangu, amekuja tangu Jumapili kutoka Nansio na sato sita wakubwa kwenye ndoo, akaniangalia akasema, "Kumbe mkwe umejipanga." Miaka kumi na moja ya ndoa, ndio mara ya kwanza kusifiwa na yule mama.

Dakika 38.

Inveta ikaanza kulia pii pii pii kama kifaranga kilichoachwa na mama yake, halafu zii. Nikabaki gizani sebuleni na mama mkwe. Wenye mila mnajua mkwe na mama mkwe hawakai hivyo. Nikainuka kutafuta simu, nikamkanyaga mguu. MGUU WA MAMA MKWE. Hakupiga hata kelele. Akasema taratibu, "Mkwe, kwetu Nansio kataa ka sola kanawaka mpaka asubuhi."

Bora angenitukana.

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Sato sitaki hata kuwaongelea.

Leo nikachukua bodaboda, nikaipakata betri kutoka Nyegezi mpaka mjini. Nimefika, nimesalimia vizuri, sijafoka. Nikamwambia kaka, hii betri imekaa dakika 38. Hakuigusa. Hakuleta tesa aipime. Hakuuliza hata nilichomeka nini. Aligeukia wateja, walikuwa kama saba, yupo na mama mmoja mtu mzima wa kuheshimika, akatabasamu kwanza, ndio akasema: "Baba, kwani ulitaka kuwasha uwanja wa Kirumba?"

Wakacheka wote. Yule mama wa kuheshimika akajifuta machozi kwa khanga. Bodaboda niliyekuja naye akacheka mpaka akalalia usukani, na nauli yake ilikuwa bado mfukoni mwangu!

Nikatoa risiti, imeandikwa kwa kalamu yake mwenyewe: waranti mwaka mmoja. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Waranti ni ya nyumba baba, sio ya uwanja." Wakacheka upya kama ndio wanaanza.

Feni moja ni uwanja? Kafriji ni uwanja? Mtu una mkopo, una mgeni, una sato, unaambiwa Kirumba! Angesema "samahani kaka, acha niipime", hata asingenirudishia shilingi, ningeondoka na amani yangu. Lakini alitabasamu KWANZA. Hilo tabasamu nitakufa nalo.

Kirumba!

---

Mzee wa Luku: Nimewahi siti ya mbele. Bisi ziko wapi?

Binti Igoma: Pole sana kaka. Mimi aliniuzia taa ya chaji, akasema inakaa siku mbili. Hakudanganya. Ilikaa siku mbili ikafa.

Kokoto la Bwiru: Umepigwa mchana kweupe, ukaja kugundua usiku gizani 😂😂

Fundi Waya: Mleta uzi, hebu rudia hapo. Umesema umeipakata kwenye bodaboda? N200 ya kweli ina kilo 50 na zaidi, nyingine zinagonga 60. Ungefika mjini huna mapaja. Tafuta muuza mahindi yeyote hapo ulipo, iweke kwenye mizani, ulete majibu.

Mleta uzi: Kijana wake aliibeba kwa mkono mmoja, mkono mwingine anaongea na simu. Nikadhani ana nguvu.

Kokoto la Bwiru: Eti ana nguvu 😂😂😂 Mama mkwe alikuwa sahihi.

Jirani Mwema: Sema ukweli mkuu. Ulichomeka pasi.

Mleta uzi: PASI ILIKUWA KABATINI.

Fundi Waya: Hata ingekuwa N200 halali, huyo jogoo alikudanganya. Voliti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400. Betri ya asidi, iwe ya maji au ya jeli, hutakiwi kuinyonya kupita nusu, ukizoea kuikausha inakufa mapema. Inabaki 1,200. Inveta nayo inakula chake, shika 1,000. Vitu vyako kwa pamoja weka wati 200. Ni masaa matano, yaani ungefika saa sita na nusu usiku. Jogoo wa wapi anawika muda huo?

Mzee wa Luku: Wa jamaa wa "giza kwaheri".

Mama Sangara: Wanaume hamsikii. Mwaka 2023 wakati wa mgawo, mume wangu alileta betri ya gari akaichomeka kwenye inveta. Wiki tatu, kwisha habari.

Fundi Waya: Ndio mama, ile ya gari imetengenezwa kupiga stata. Inatoa moto mkubwa sekunde chache, gari likishawaka altaneta inairudishia. Sahani za ndani ni nyembamba. Ukiifanya iwashe taa usiku kucha kila siku unaiua. Za nyumbani sahani zake nene, ndio maana hata uzito unakuambia. Ila lithiamu ni habari nyingine, hiyo ni nyepesi kweli, unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 na haijui kuchoka haraka. Bei yake sasa, utauza kiwanja.

Mleta uzi: Wakuu, nimeipima kwa muuza mahindi. Kilo 18 na nusu.

Fundi Waya: Hiyo ni N70, saizi ndogo, imevalishwa stika. Kwaruza pembeni kwa kucha.

Mleta uzi: Nimekwaruza. Chini kuna stika nyingine. INA PICHA YA GARI.

Binti Igoma: Uuuwi.

Kokoto la Bwiru: Kirumba huiwashi hiyo. Labda kibanda cha mkata tiketi.

Mleta uzi: Basi alijua! Wakati anatabasamu ALIJUA ni N70! Angeniuzia N70 akasema ni N70, ningezima friji, ningewasha taa mbili, mama mkwe nisingemkanyaga. Amenificha, halafu ananiuliza mbele za watu kama nataka kuwasha uwanja!

Jirani Mwema: Kwa hiyo pasi hukuchomeka kabisa kabisa? Hata ya shati la kumpokelea mama mkwe?

Mkwe wa Watu: Swali nje ya mada. Hao sato mliwafanyaje? Friji ikifungwa vizuri inashika baridi kama masaa manne bila umeme. Mkifungua fungua kuangalia kama wako hai ndio mnawaua.

Mleta uzi: Mama mkwe alikuwa anafungua. Ningemwambia nini?

Mama Sangara: Sato wa Ukerewe sita! Mngewakaanga usiku huo huo kwenye mkaa. Nimeumia kuliko wewe.

Dokta wa Betri: Na betri uliiweka wapi? Zile za maji zikichaji zinatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Chumba kiwe na hewa, hakuna kiberiti karibu.

Mleta uzi: Ilikuwa chumba cha wageni.

Kokoto la Bwiru: CHUMBA CHA NANI?

Mzee wa Luku: Chini ya kitanda cha mama mkwe 😂 Jamaa alikuwa na mpango wake, tumuache.

Mwana Buhongwa: Nyie wa Nyegezi mnalia usiku mmoja. Huku kwetu jirani ana jenereta nje ya dirisha langu. Umeme ukikatika tu, dududududu mpaka asubuhi na moshi wote ndani kwangu. Nikimwambia ananijibu "nawe nunua lako". Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Binti Igoma: Afadhali wewe una dududu. Mwenye nyumba wangu umeme ukikatika anasukuma luku kwa fimbo ya fagio, halafu mwisho wa mwezi anatuchangisha hela ya matengenezo.

Mtazamaji: Hivi Bwawa la Nyerere si megawati 2,115? Betri mnanunulia nini?

Mzee wa Luku: Megawati haziji kwa miguu mkuu. Kuna nguzo, nyaya, transfoma, na mvua ya Mwanza ikiamua.

Mleta uzi: Jamani turudi. Nimfanyeje huyu mtu? Nina risiti, nina stika mbili. Nimerudi mlangoni kwake, amefunga duka na spika bado inaimba humo ndani.

Fundi Waya: Peleka polisi stika zote mbili na risiti. Hata ya kalamu ina mwandiko wake.

Mvuvi wa Igombe: Mwangaluka bhabha. Nyie mnaongelea betri za kuangalia runinga. Sisi wa dagaa, betri ndio mtumbwi wenyewe. Zamani tulikuwa na karabai, mafuta ya taa yakatumaliza, sasa tuna taa za betri. Unazitega giza totoro, dagaa wanakuja kwenye mwanga, taa ikizima kabla hujavuta wavu wanarudi kwao. Na sisi tunafanya kazi zile siku za giza tu, mbalamwezi ikitoka tunalala nyumbani. Ukiibiwa betri siku ya giza umepoteza mwezi. Wiki iliyopita wameniibia mbili, majini, usiku. Nani amefungua uzi?

Mama Sangara: Pole baba. Ila na nyie dagaa wenu mbona wana mchanga? Naosha maji saba, bado meno yanakwaruza.

Mvuvi wa Igombe: Mimi navua mama. Anayeanika sio mimi.

Mama Sangara: Si mnawaambia waanike kwenye vichanja? Mnaanika chini, kuku anapita, mbuzi anapita, mtoto anapita.

Mwana Buhongwa: Hapo mama umegusa penyewe. Jana nimekula ugali na ufukwe.

Mkwe wa Watu: Dawa ya mchanga ni kuwaloweka maji ya moto, unawachota kwa juu bila kumwaga chini. Mchanga unabaki kwenye sufuria.

Binti Igoma: Unawatoa vichwa au unaacha?

Mama Sangara: Vichwa unatoa kwa nini? Utamu wote uko kichwani.

Mwana Buhongwa: Uchungu, sio utamu. Toa vichwa.

Mleta uzi: Wakuu, huu uzi ni wa BETRI. Mtu kaniambia KIRUMBA mbele ya wateja saba! KIRUMBA!

Mama Sangara: Kirumba mwaloni? Ndoo shilingi ngapi leo?