Maandishi yangu yanasomeka kama tangazo la ofisi: toni na mtindo wangu nivipateje?

Dumu_Tupu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika safu ndogo kwenye jarida la mtaa, maneno 400 kila baada ya wiki mbili. Habari wanazipenda, ila wanasema zinasomeka kama tangazo lililobandikwa mlangoni kwa mwenyekiti. Aya yenyewe ya mwanzo ni hii:

"Suala la upatikanaji wa maji katika mtaa wetu limekuwa ni changamoto kubwa ambayo imekuwa ikiwakabili wananchi kwa kipindi kirefu sasa. Katika kuhakikisha kwamba tatizo hili linapatiwa ufumbuzi wa kudumu, ni vyema wahusika wakaweza kuchukua hatua stahiki kwa wakati. Kama wahenga walivyosema, maji ni uhai."

Nina maswali mawili. Nitaitambuaje toni ya nilichoandika kabla msomaji hajaniambia? Na mtindo wa mtu hujengwa kwa mazoezi gani hasa? Naomba majibu ya kufanyia kazi. "Soma sana, andika sana" nimeshaisikia.

Mhariri_Zamu

Mkuu, tuanze na hesabu. Sentensi ya kwanza ina maneno 20, ya pili 18. Katika maneno yote hayo 38 hakuna mtu hata mmoja aliyeshika ndoo. Mtenda wa sentensi ya kwanza ni "suala". Wa pili ni "wahusika", na hao wahusika ni kina nani? Ubaridi wa ofisi unatokea hapo. Barua ya ofisi huandikwa makusudi ili asionekane mtu, wewe unaandikia majirani.

Kalamu nyekundu ipite hivi. "Limekuwa ni": kitenzi *kuwa* kimeshamaliza kazi, "ni" inafuata nini? "Wakaweza kuchukua" ni "wachukue" tu. "Linapatiwa ufumbuzi" ni "linatatuliwa" lililovalishwa suti. "Upatikanaji wa maji" ni kitenzi kilichogeuzwa jina; kirudishe kazini: maji yanapatikana, au hayapatikani. Na wahenga waache wapumzike. "Maji ni uhai" ni kaulimbiu ya mabango, wala si methali ya kale, na hata ingekuwa methali, msomaji wa mtaa usio na maji hahitaji kuambiwa hilo.

Toni haikai kwenye vivumishi kama "kubwa" na "stahiki". Inakaa katika nani anatenda, kwa kitenzi gani, na unasimama upande gani ukimtazama. Chukua jambo lilelile moja (siku na saa nimebuni, weka zako) uliandike kwa toni nne:

Taarifa: "Mtaani kwetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku hadi saa kumi. Anayelala hapati."

Lawama: "Mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane! Mbona bili haipotei njia, kila mwisho wa mwezi inafika mchana kweupe?"

Kejeli: "Maji ya mtaani kwetu yana haya. Hutoka saa nane usiku, na saa kumi yamesharudi bombani kabla jogoo hajayaona."

Kusihi: "Hatuombi kila siku. Hata kwa saa mbili tu, jamani, lakini jua likiwepo."

Angalia lawama imejengwa na nini: "tena" na "mbona". "Kwa nini" huuliza, "mbona" hushitaki. Kejeli nayo inasifu mahali pa kutukana, na haina alama ya mshangao. Ukiiweka hiyo alama umemkonyeza msomaji kabla hajacheka, na hatacheka tena.

Kosa linalowapata wengi ni kuchanganya mbili ndani ya aya moja bila kujua. Mtu anaanza na kejeli, sentensi ya tatu anaingiwa na woga, anamalizia na "tunaiomba mamlaka husika". Msomaji hajui acheke au asaini. Kubadilisha toni si dhambi, ila badilisha kwenye mpaka wa aya na uwe na sababu.

Dawa ya haraka: futa kila *amba-*, futa kila *kuweza*, kisha soma kwa sauti.

Mwl_Ushairi

Niongeze kidogo kwa upande wa darasani, maana maneno haya huchanganywa. *Kiimbo* ni kupanda na kushuka kwa sauti mtu anapotamka. *Toni* katika maandishi ni msimamo wa anayesema (kwenye shairi tunamwita nafsineni) kwa jambo analolisema na kwa anayeambiwa. Mwanafunzi akiulizwa "toni ya shairi hili ni ipi?" akajibu "huzuni", alama hapati mpaka aonyeshe neno lililoibeba. Jitendee hivyohivyo. Andika pembeni ya kila aya jina moja la toni: kejeli, lawama, masikitiko, kusihi, utani, kuonya. Kisha pigia mstari maneno mawili yanayoithibitisha. Usipoyapata, toni iko kichwani mwako, haijafika kwenye karatasi.

Sasa, Kiswahili kina vyombo vya toni ambavyo watu wanavipuuza wakikimbilia misamiati mizito.

Vipo vijineno. "Barabara itakwisha mwezi ujao" ni habari. "*Eti* barabara itakwisha mwezi ujao" ni mtu asiyeamini. "*Kumbe* barabara itakwisha" ni mtu aliyeshtukizwa. "*Ndiyo kwanza* wanachimba" ni mtu aliyechoka kungoja. Kineno kimoja kwa aya kinatosha. Vikifika vitatu unasikika kama mpiga soga wa kijiweni.

Upo upatanisho wa ngeli. "Kijana yule amefika" hana neno. "Kile kijana kimefika" ni dharau, ingawa jina halijabadilika hata herufi. "Kitoto kimelala" kinaweza kuwa huba au kebehi, muktadha ndio utakaoamua. "Jumba" na "kijumba" vinamsimamisha msomaji mahali tofauti na "nyumba". Hapa ndipo mwandishi anaweza kutukana bila kutumia tusi, na ndipo anaweza pia kutukana bila kukusudia, kwa hiyo kagua.

Halafu nyakati. "Aliingia. Alikaa. Alicheka." ni maelezo ya polisi. "Aliingia, akakaa, akacheka" ni mtu anayesimulia. Ukitaka ubaridi wa makusudi, kwa mfano habari ya msiba, rudia *-li-* na ukate sentensi fupifupi. Ukitaka mwendo, *-ka-*.

Na amri: "Funga bomba", "Hebu funga bomba", "Ufunge bomba", "Naomba ufunge bomba", "Bomba lifungwe". Ya mwisho ni sauti ya ukuta, kuta ndizo huandikwa hivyo. Safu yako ikitoa maelekezo, chagua *u-* au *m-* ukae nayo. Kosa la kila siku ni kuanza na "ukishachemsha", ukafuatia "mnaweza kuweka", ukamaliza na "msomaji anashauriwa". Umewaita watu watatu tofauti.

Kalamu_ya_Pwani

Mhariri, kwa heshima zote, hilo la kufuta kila *amba-* litamvunjia mwenzetu sarufi. *-me-* haipokei kirejeshi katikati. Hakuna "watu wameofika". Ni "watu ambao wamefika", la sivyo ugeuze wakati useme "waliofika". Vilevile "ambao hawajafika" na "ambao huamka usiku". Hapo *amba-* ni lazima.

Penye hiari ndipo penye toni. Pima hizi: "watu ambao wanakesha bombani", "watu wanaokesha bombani", "wakeshao bombani". Ya kwanza inaeleza polepole, kama mtu anayehakikisha umeelewa. Ya pili ni mazungumzo ya kawaida. Ya tatu inanukia mimbari. Zote ni sahihi. Kibaya ni kutumia ya kwanza mara sita kwa sababu ndiyo iliyozoeleka mkononi.

La pili ni lahaja. Usiogope ulimi wa kwenu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, lakini uamuzi ule ulihusu shule na vitabu, haukumkataza mtu kusema *ndia* badala ya *njia* kinywani mwa bibi yake. Utaratibu ninaoupendekeza: masimulizi yabaki sanifu, lahaja iingie kwenye maneno ya wahusika na kwenye majina ya vitu. Kama jarida lako linavuka mpaka, angalia majina hayo mara mbili. Kenya maji yanatoka kwenye *mfereji*, Tanzania yanatoka kwenye *bomba*, na mfereji kwa Mtanzania ni mtaro. Ukiandika "tunakunywa maji ya mfereji" msomaji wa Morogoro atakupeleka hospitali. Usiweke tafsiri pembeni. Weka kitendo: "akafungua mfereji, akakinga kikombe". Hapo hakuna atakayepotea.

Mhariri_Zamu

Nakubali, nilizidisha. Iwe hivi: kagua kila *amba-*, iache inapolazimishwa na *-me-*, *hu-* au *-ja-*. *Kuweza* sirudi nyuma, hapo futa.

Bi_Mswada

Nijibu swali la pili, la mtindo, maana bado halijaguswa. Ndugu Dumu, mtindo tayari unao. Usichojua ni upi katika mazoea yako ni mtindo na upi ni kutu. Kuna njia ya kupambanua.

Chukua makala zako tatu za miezi tofauti, maneno 300 ya mwanzo kwa kila moja. Kwa kila sentensi andika mambo manne kwenye jedwali: idadi ya maneno, neno la kwanza, kitenzi kikuu, na tamathali kama ipo. Kazi ya saa moja hivi. Utaona marudio. Labda nusu ya sentensi zinaanza na "Katika" au "Hata hivyo", au kila aya inafungwa na swali. Sasa chukua kila kinachojirudia ukiondoe. Aya ikipoteza maana, mzaha au mwendo, kirudishe, hicho ni chako. Isipopoteza kitu, ilikuwa kutu.

Angalia pia urefu. Sentensi kumi mfululizo za maneno 18 hadi 20 humlaza mtu hata kama kila moja ni nzuri. Weka ya maneno manne katikati yao. "Anayelala hapati" ya Mhariri ni ya maneno mawili, ndiyo maana inauma.

Zoezi la pili ni kunakili. Chagua ukurasa mmoja wa mwandishi unayempenda, kama maneno 250, uunakili kwa mkono, si kwa kompyuta. Mkono ni mzito, unakulazimisha uone kila kiunganishi. Funga kitabu. Kesho yake andika upya maudhui yaleyale bila kutazama, kisha linganisha. Penye tofauti kuna mambo mawili: aliloliona usilolijua wewe, na ulilolileta wewe bila kukusudia. Hilo la pili lipigie mstari. Fanya hivyo kwa waandishi watatu wanaotofautiana, mmoja wa Unguja, mmoja wa bara, mmoja wa Kenya, tuseme. Ukishikilia mmoja peke yake utageuka kasuku wake. Na tahadhari: wanaoiga huchukua chumvi wakaacha chakula. Wanabeba maneno adimu ya mwandishi, "ghaibu", "ashiki", "simanzi", wakati kilichomfanya asomeke ni namna anavyokata sentensi na mahali anapomtaja mtu.

Zoezi la tatu ni la sauti. Jirekodi kwa simu dakika tatu ukimweleza jirani habari yako bila karatasi, kisha uandike ulivyosema neno kwa neno. Humo utakuta vitenzi vyako vya kweli. Hakuna anayemwambia jirani "upatikanaji". Lakini usichapishe hivyohivyo, kwa kuwa mazungumzo yana matatizo yake: "yaani" kila pumzi, "hii" na "ile pale" ambazo msomaji hazioni, na sentensi zilizoachwa njiani kwa kuwa uso ulimalizia. Toa hayo, bakiza mpangilio wa habari. Mara nyingi ulichokisema katika dakika ya pili ndicho kilichostahili kuwa mwanzo wa makala.

Misimu ya mjini nayo itumie kwa kipimo. Inachuja haraka, na makala ya mwaka huu mwakani itasomeka kama shati la sherehe iliyopita.

Dumu_Tupu

Nashukuru sana wakuu. Nimerekodi, nimeandika, nimekata. Toni niliyoilenga ni taarifa yenye lawama kwa mbali. Nipigeni:

"Maji ya mtaani kwetu hutoka Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku. Kufikia saa kumi bomba linakohoa. Mwenye tangi analala. Asiye na tangi anakesha na ndoo, na asubuhi yuko dukani anauza huku macho mekundu. Ofisi ya maji imeombwa ratiba mpya."

Mhariri_Zamu

Hii naichapisha, baada ya mawili. "Huku macho mekundu" inachechemea. Ni "macho yakiwa mekundu", au ukate kabisa, kwani mtu aliyekesha tunamjua alivyo. Na tazama mlangoni, yule wa ofisini amerudi: "imeombwa". Imeombwa na nani, lini? Kama ni ninyi, sema "Tumeiomba ofisi ratiba mpya", weka tarehe, na useme wamejibu nini. Kama hujui aliyeomba, piga simu kwanza au ifute sentensi nzima.

"Linakohoa" usiliguse. Wala usiongeze tamathali nyingine karibu yake.