Vidonda vya utumbo mpana, Crohn's na ndugu zake: mfukoni kumekutoka nini? Tupeane uzoefu

Kigogo wa Msata
Wakuu, habari za jioni. Leo famasi kijana aliyekuwa mbele yangu aliulizia mesalazine, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, akatajiwa bei ya boksi, akakaa kimya, kisha akaomba akatiwe vidonge kumi tu. Mimi nimesimama nyuma yake na cheti cha dawa hiyohiyo. Nimerudi nyumbani sina raha.

Uzi ni wetu sisi wa kuharisha damu miezi nenda rudi, wenye vidonda vya utumbo mpana (colitis) au Crohn's, yaani utumbo kuvimba kusikoisha. Watu wa vidonda vya tumbo na H. pylori mna nyuzi zenu, tusichanganye. Hela inaishia wapi? Na mwezi ikikata unafanyaje?

binti_Makorora
Umenitonesha. Kidonge kimoja cha mesalazine ya miligramu 500 kwangu kinapita bei ya sahani ya wali maharage, na ugonjwa ukiamka natakiwa nimeze vinane kwa siku. Sahani nane, na mwenyewe chakula hakipiti.

Chuma_Chakavu
Sahani nane 😂😭 Nimecheka nikakumbuka kesho ni zamu yangu kununua.

Fundi Saa
Ngoja niwape yangu.

Nilianza kwa kuambiwa amiba. Kisha taifodi. Kisha amiba sugu. Metronidazole nimemeza mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma, kila duka la dawa mtaani wananijua. Kilo zikaondoka, suruali nafunga kwa kamba. Baadaye ikaonekana mwisho wa utumbo mdogo umevimba, picha imekaa kama TB ya utumbo, nikaanzishiwa dawa za TB.

Sasa sikilizeni. Dawa za TB ni bure. Nachukua kituoni, mdogo wangu kaandikwa msimamizi wa dawa nyumbani, nikichelewa nesi anapiga simu. Miezi sita hiyo nilikuwa mtu mwenye wenyewe.

Nikamaliza dozi, tumbo lilelile. Rufaa. Kamera ikaingia, kinyama kikakatwa, jibu likatoka Crohn's. Daktari akanieleza haya magonjwa mawili hufanana hata mbele ya mtu mzoefu, kwa hiyo simlaumu mtu. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyenipigia simu tena. Kamera nalipia. Ile dawa ya kusafishia tumbo usiku wa kabla, nalipia. Sindano ya usingizi, nalipia. Kinyama kwenda maabara, bili yake mbali. Kurudi kusomewa jibu, unafungua faili tena. Azathioprine, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, yenyewe si ghali sana, lakini inaweza kushusha chembe nyeupe na kugusa ini, kwa hiyo damu inapimwa kila mara, na hapo ndipo mshahara unapozama.

Mungu anisamehe, kuna siku natamani ingebaki TB.

binti_Makorora
Usiseme hivyo kaka. Ila nimekuelewa.

Tiba Asilia Original
Poleni wapendwa. Tatizo hili linaisha kabisa ndani ya siku 21 bila kipimo wala operesheni. Njoo PM, dozi 150,000 tu.

Chuma_Chakavu
Siku 21 ndiyo muda wa kuangua kifaranga. Tupishe.

Mwana wa Nzega
Msimkejeli. Shangazi yangu alitumia dawa za namna hiyo, akakaa karibu mwaka hajaharisha.

Nesi Mstaafu
Mwana wa Nzega, ugonjwa huu hulala wenyewe kisha ukaamka. Ndiyo maana kila mwenye kuuza kitu ameshamponya mtu mmoja. Shangazi anaendeleaje sasa?

Mwana wa Nzega
Sasa hivi amelazwa.

Nesi Mstaafu
Basi. Wengine nisikilizeni: kama ni vidonda vya utumbo mpana, ulizeni daktari kuhusu sulfasalazine. Ni ya zamani, bei yake iko chini ya mesalazine, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Mwenye mzio wa salfa asiiguse. Huandikwa pamoja na folic acid (vitamini). Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usikimbilie maabara kupoteza hela nyingine.

Baba Tunu
Mama, ongeza na hili kwa wanaume. Tulitafuta mtoto hatupati, nikapimwa, mbegu chache. Kumbe ni hiyo sulfasalazine, ukiacha zinarudi. Daktari akanirudisha kwenye mesalazine. Tunu bei yake naijua tangu hajazaliwa.

Kigogo wa Msata
😂 Mwonyeshe risiti akifikisha miaka 18.

Mla Pred
Sisi wengine tunaishi kwa prednisolone (steroidi) kwa sababu ndiyo pekee hela inatosha. Matokeo: uso kama sahani, sukari imepanda, sasa nanunua na metformin. Rahisi hiyo!

Nesi Mstaafu
Pred ni ya kuzima moto, si ya kukaa nayo miaka. Na usije ukaikata ghafla kwa hasira. Inashushwa taratibu, kwa mpango wa daktari.

Kiptoo_wa_Langas
Salamu kutoka Eldoret. Mimi niliandikiwa infliximab, dawa ya kuchomwa ya kuzuia uvimbe. Inaenda na uzito, miligramu 5 kwa kila kilo, na chupa moja ni 100. Niko na kilo 62. Piga hesabu: chupa tatu hazitoshi, ya nne inafunguliwa kwa sababu ya miligramu kumi. Nikamwuliza daktari, nikipunguza kilo mbili je? Akacheka, akasema tutakadiria tatu. Mimi sikuwa nacheka.

Unachomwa siku ya kwanza, baada ya wiki mbili, baada ya wiki sita, halafu kila wiki nane bila mwisho. Harambee ya kwanza watu walichanga vizuri. Ya pili wakaanza ku-left group mmoja mmoja, hata binamu.

Msafiri Hewa
Bajeti yangu kubwa si dawa, ni choo. Stendi unalipia, sokoni unalipia, na mimi naingia mara nyingi kuliko mwenye choo. Safari ya mkoa sili tangu jana yake, na kondakta nampoza mapema ili nikisema "kuchimba dawa" asimamishe gari bila maneno. Pampasi za watu wazima kwenye begi. Hizo nani anawarudishia?

Chuma_Chakavu
Hakuna bima ya kondakta.

Zuhura wa Leicester
Huku England nako si kila kitu ni bure kama mnavyodhani. Colitis haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayosamehewa, kila dawa kwenye cheti cha daktari ni pauni 9.90. Tunanunua kibali cha kulipia mwaka mzima, pauni 114.50, unachukua dawa zote. Mwenye stoma (tundu la haja tumboni) ya kudumu anasamehewa. Aliyeko Scotland halipi tangu 2011.

Mla Pred
Dada, pauni 114 kwa mwaka mzima ndiyo umekuja kutulilia?

Zuhura wa Leicester
Nani kalia? Mleta mada kauliza tunalipa nini, nimejibu. Sindano ya infliximab silipi hata senti, nayo ungetaka nifiche?

Kigogo wa Msata
Tusigombane. Ya bima mnaendaje? Mimi kadi ninayo, dirishani naambiwa "hiyo haimo, kanunue nje".

Fundi Saa
Usitoke dirishani mikono mitupu. Uliza kama haimo kabisa kwenye kitita cha bima au imeisha tu hapo. Kama imeisha, omba fomu ya kuchukulia famasi nyingine.

Msafiri Hewa
Nenda ustawi wa jamii hapohapo hospitalini uombe msamaha.

Mwana wa Nzega
Mimi nilienda, nimevaa shati safi, nikaonekana ninazo.

Chuma_Chakavu
Ustawi wa jamii unaenda na ndala. Moja iwe imekatika.

Mama Pili
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nasema. Mgonjwa ni mume wangu. Utumbo mpana ulitoboka usiku, tukaambiwa apasuliwe haraka, lakini kwanza malipo ya awali. Nikampigia shemeji, kaka yake kabisa, tumbo moja. Akasema hela anayo, ila kiwanja chetu kiandikwe jina lake kwanza. Saa nane usiku! Akaja na karatasi ameshaandika, mjumbe ameshamwamsha. Mume wangu yuko kwenye machela, akashikishwa dole gumba

Kigogo wa Msata
??? Mama Pili?

binti_Makorora
Eee malizia jamani!

Baba Tunu
Niko kazini nimeacha wateja. Mama Pili rudi.

Wakili Msomi wa Mtaani
Hati hiyo ni batili. Mtu mahututi hana hiari. Nenda baraza la kata kesho asubuhi.

Mla Pred
Baraza la kata kwa kesi hii? Atafute wakili wa kweli, msaada wa kisheria upo. Na mke aliridhia? Hapo ndipo pa kuanzia.

Mama Pili
Samahanini, simu ilizima. Alipasuliwa, akapona, ana mfuko wa haja ubavuni. Kiwanja shemeji amejenga fremu. Mimi sikusaini popote. Mume wangu hataki kesi, anasema kaka yake alimwokoa. Tunasalimiana misibani.

Ya kiwanja niacheni. Nilichojia ni mifuko. Ya hospitali ikiisha tunaosha na kurudia, ngozi inachubuka. Zamani alikuwa anafunga vifuko vya nailoni, vikapigwa marufuku 2019. Nani anajua inapatikana wapi kwa bei ya kueleweka?

Wakili Msomi wa Mtaani
Kama hukusaini, una kesi nzuri sana mama.

Zuhura wa Leicester
Wakili, pumzika. Mama Pili, nina rafiki alirudishiwa utumbo ndani, ana maboksi ya mifuko hajayafungua. Duara la kubandikia mfuko wa mumeo ni milimita ngapi?

Mama Pili
Kwenye boksi imeandikwa 57.

Zuhura wa Leicester
Njoo PM. Kuna mtu anakuja Dar mwezi ujao, kilo zake za mizigo nazijua.