Naomba ushauri: viongozi wa ushirika wanahitimu bila kuandaa wa kuwapokea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mlezi wa ushirika wa wanafunzi wa Kikristo chuoni. Kila mwaka wanaohitimu wanaondoka na uzoefu wote, na kamati mpya inaanza kana kwamba hakuna aliyetangulia. Vikundi vya kujifunza Biblia ndivyo vinavyoumia zaidi. Kwaya haiyumbi, labda kwa sababu waimbaji hupewa nafasi tangu mwaka wa kwanza.

Nimejaribu kumpa kila kiongozi mwanafunzi wa mwaka wa chini atembee naye, kwa kufuata 2 Timotheo 2:2, pale Paulo anapomwambia Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Wote waliitikia vizuri, lakini yule mdogo anaishia kupanga viti na kubeba spika, huku mkubwa akifundisha mwenyewe hadi wiki ya mitihani. Semina ya viongozi baada ya uchaguzi nayo huwakuta wamekwisha kulemewa.

Sasa nauliza: uchaguzi ufanyike muhula gani ili kamati mbili zifanye kazi pamoja kabla ya kukabidhiana? Na mwenye kipawa cha kufundisha unamshawishije amwachie mdogo wake kipindi, hata akijua kitapwaya? Mliolea wanafunzi kwa muda mrefu, nisaidieni.