Mrejesho: povu kwenye mtaro wa mvua siku za jua

Wakuu, swali lilikuwa: kwa nini mtaro wa mvua unaoingia mtoni unatoa maji ya kijivu yenye povu siku kavu? Jibu limepatikana, na choo hakihusiki.

Tulifunua chemba mbili, ya majitaka na ya mvua, tukamwaga rangi ya kupimia mabomba isiyo na sumu kwenye tundu moja baada ya jingine, na ndoo mbili za maji kuisukuma. Msichanganye: subirini rangi ya kwanza iishe kabisa, la sivyo hamtajua imetoka wapi. Choo na bafu viko sawa. Sinki la jikoni na mashine ya kufulia vilitokea chemba ya mvua. Ni kosa la kawaida nyumba ikiongezewa chumba: fundi huunga kwenye bomba la karibu, lile linaloshuka kutoka paani.

Marekebisho: bomba jipya la milimita 110 hadi chemba ya majitaka, mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita, na kona ya U yenye maji ya kuzuia harufu. Tundu la zamani limezibwa kwa saruji, kisha rangi ikamwagwa tena. Bomba la paa libaki kwenye mvua; ukilihamishia majitaka, mvua kubwa itafurisha chemba.

Halmashauri ilitoa notisi kwa mwenye nyumba, si kwa fundi. Wamefunga pia wavu kwenye chemba za mvua zilizo juu zaidi kwenye mtaro huo, maji yanakotoka. Ukinasa karatasi za chooni, kuna nyumba nyingine ambayo choo chake kimeungwa kwenye mtaro wa mvua.